Dadu zimekukataa? Tazama ubao tena: mwongozo kamili wa The Castles of Burgundy

Mtu wa kwanza niliyemfundisha mchezo huu ni shemeji yangu, mtu wa drafti, anayeogopwa kijiweni kwao Tabata. Raundi ya tatu akarusha dadu mbili, zikatoka moja na moja. Akazisukuma pembeni kama mtu anayesukuma sahani ya wali wa jana. "Basi shemeji, zimenikataa. Cheza wewe."

Nikamwambia atazame ubao kwanza. Kwa zile moja mbili angeweza kuchukua kigae, kuuza mizigo, kuajiri vibarua, au kumtumia kibarua mmoja kuigeuza moja iwe sita. Alikaa kimya dakika nzima. Tangu siku hiyo ndiye anayenipigia simu Jumamosi kuuliza kama tunacheza.

Sisi tumekulia kwenye ludo, na ludo imetufundisha kwamba dadu ndiyo bosi: sita isipotoka, kete yako inalala nyumbani. Kwenye The Castles of Burgundy dadu ni kama fundi aliyekuja asubuhi bila miadi. Ujuzi wako ni kuhakikisha kwamba fundi yeyote akitokea, umeshamwandalia kazi.

Mchezo wenyewe

Uliundwa na Stefan Feld, Mjerumani, na ukatoka mwaka 2011. Wanacheza watu wawili hadi wanne. Kila mmoja ni mtawala mdogo huko Bourgogne, Ufaransa ya zamani, na ana ubao wake wenye viwanja 37 vya pembe sita vilivyoshikamana kama sega la nyuki. Kazi yako ni kujaza viwanja hivyo vigae: ngome, migodi, malisho, majengo, meli na vigae vya njano vya elimu. Kila kiwanja kina rangi yake na namba ya dadu, na kigae hakikai mpaka rangi na namba vyote vikubali.

Mchezo una awamu tano, kila awamu raundi tano. Kila raundi unarusha dadu zako mbili. Kwa hiyo mchezo mzima una dadu 50 za kutumia, basi. Kumbuka hiyo 50, kwa sababu mchezaji mgeni huanza kuihisi awamu ya nne, wakati imeshabaki 20 na nusu ya ubao wake bado ni shamba tupu.

Kiingereza hakihitajiki. Vigae vina picha tupu, na mtu anayesoma Kiswahili peke yake anacheza sawa na yeyote baada ya kuelezwa mara moja. Mama yangu mkubwa hajasoma neno hata moja la kitabu cha maelekezo na amenifunga mara mbili.

Meza, feni na taa

Sehemu hii hutaikuta kwenye kitabu cha maelekezo, maana walioandika hawakai Dar.

Vigae ni vya karatasi ngumu, vyepesi, vidogo. Feni ya juu ikiwa namba tatu haivigusi, ila ile ya kusimama ikigeuka upande wa meza inavichanganya vyote. Elekezeni ya kusimama miguuni. Mezani tandika kitambaa kizito au hata khanga iliyokunjwa mara mbili: dadu hazirukii sebuleni na vigae vinaokoteka kirahisi. Kigae kikilala kwenye kioo cha meza, kukinyanyua kwa kidole chenye jasho ni mtihani.

Kutenganisha vigae, hakuna kitu kinachoshinda trei ya mayai. Ngome shimo hizi, migodi zile, majengo upande ule. Mimi nina trei mbili na zinakaa juu ya kabati kwa kazi hiyo tu.

Taa sasa. Toleo la kwanza la mchezo lina kijani mbili, ya ngome iliyokoza na ya malisho iliyopauka, na usiku zinafanana kama mapacha. Umeme ukikatika mkahamia kwenye taa ya sola, mtu ataweka ng'ombe kwenye kiwanja cha ngome na hakuna atakayeona mpaka hesabu ya mwisho. Tumewahi kuufuta mchezo mzima kwa kosa hilo. Siku hizi tukiona giza linaingia, tunatazama picha na hatuiamini rangi peke yake.

Kahawa na kashata karibu. Maandazi mpaka mapumziko, tena na kunawa.

Kupanga

Weka ubao mkubwa katikati. Una maghala sita yenye namba za dadu, moja hadi sita, na ghala jeusi katikati yake. Nafasi za vigae zimeandikwa 2, 3 au 4. Mkiwa wawili mnajaza zenye 2 pekee, watatu mnaongeza zenye 3, wanne mnajaza zote. Kila nafasi ina rangi ya aina ya kigae kinachowekwa hapo.

Kila mchezaji anachukua ubao wake. Kwa mara ya kwanza wote mtumie ule wa namba 1 uliofanana, msihangaike na mingine. Anaweka ngome moja katikati, anapewa mizigo mitatu bila kuchagua, na sarafu moja ya fedha. Vibarua wanagawiwa kwa foleni: wa kwanza mmoja, wa pili wawili, wa tatu watatu, wa nne wanne. Ni fidia ya kukaa nyuma.

Kila mwanzo wa raundi wote mnarusha kwa pamoja. Wa kwanza kwenye foleni anarusha pia dadu nyeupe, na mzigo mmoja unashushwa kwenye ghala lenye namba hiyo. Halafu mnacheza kwa zamu kufuata foleni.

Kazi nne za dadu moja

Kuchukua kigae. Dadu ikiwa nne, unachukua kigae chochote kutoka ghala namba nne na kukiweka stoo, yaani zile nafasi tatu pembeni ya ubao wako. Stoo ikijaa, lazima utupe kimoja ndipo uingize kingine, na roho inauma.

Kukiweka. Unatoa kigae stoo na kukipeleka kwenye kiwanja chenye rangi yake na namba ya dadu uliyonayo, kikigusana na kigae ambacho tayari umekiweka. Huwezi kuruka. Mji unakua kutoka ulipoanzia, nyumba kwa nyumba.

Kuuza mizigo. Mizigo nayo ina namba. Dadu ya tano inauza mizigo yako yote ya namba tano kwa mpigo. Unapata sarafu moja, na kila mzigo unakupa pointi sawa na idadi ya wachezaji. Mizigo mitatu mkiwa wanne ni pointi 12. Mkiwa wawili ni sita.

Kuajiri vibarua wawili, dadu yoyote. Kibarua mmoja anapandisha au kushusha dadu kwa moja, na namba zinazunguka: moja ikishuka ni sita, sita ikipanda ni moja. Waliozoea bao watanielewa nikisema hii ndiyo kutakata. Umecheza zamu bila kula, lakini umejipanga. Usione aibu kuifanya mapema. Ukiifanya kila raundi, hapo kuna tatizo, na tatizo ni stoo yako.

Juu ya dadu zako, mara moja kila zamu unaweza kulipa sarafu mbili na kuchukua kigae chochote kutoka ghala jeusi. Hii haili dadu. Wageni wanaisahau, wanamaliza mchezo na sarafu saba mkononi zenye thamani ya pointi saba tu.

Vigae na tabia zake

Mgodi ni mshahara. Kila mwisho wa awamu unakulipa sarafu moja. Mgodi uliowekwa awamu ya kwanza utakulipa mara tano mpaka mwisho. Uliowekwa awamu ya nne, mara mbili. Sina zaidi ya kusema hapa, tarehe ya kuuweka ndiyo thamani yake.

Ngome inakupa kazi moja ya ziada papo hapo, kana kwamba una dadu ya namba yoyote utakayo. Ukiiweka umerudishiwa dadu uliyoitumia, tena iliyo bora zaidi.

Meli inakwenda kwenye ghala moja na kubeba mizigo yote iliyopo, mradi una nafasi (aina tatu tu za mizigo zinakaa kwako). Pia inakusogeza mbele kwenye foleni. Watu wa Dar tunaelewa bila kufundishwa faida ya kuwa wa kwanza foleni: unachagua kigae kabla ya wenzako. Ila usikimbilie meli wakati maghala hayana mizigo. Acha irundikane kwanza.

Malisho ndipo ninapopenda. Kigae cha mifugo kina ng'ombe, kondoo, nguruwe au kuku, wawili hadi wanne. Ukikiweka unapata pointi kwa idadi yao, na wale wa aina ileile waliokwisha kuwa kwenye eneo hilohilo la malisho wanahesabiwa tena. Tuseme umeweka ng'ombe watatu: pointi tatu. Baadaye ng'ombe wanne kando yao: nne na zile tatu, saba. Halafu wawili: mbili, nne na tatu, tisa. Ng'ombe tisa wamekupa pointi 19. Hapo ndipo utamwona mtu anayejidai hajali akichungulia ghala namba mbili kila dakika kuona kama ng'ombe wake wa mwisho bado wapo. Ukimwona anachungulia, wachukue wewe. Dhambi hii inasameheka mezani.

Majengo yako ya aina nane, na kila mji, yaani kila eneo la majengo lililoshikamana, unaruhusu aina moja mara moja tu. Gesti inakupa vibarua wanne. Benki sarafu mbili. Mnara pointi nne, basi. Bohari inakuruhusu kuuza aina moja ya mizigo yako hapohapo. Karakana ya seremala inakuchukulia jengo lingine kutoka ghala lolote lenye namba. Soko linachukua meli au mifugo. Kanisa linachukua ngome, mgodi au kigae cha njano. Ukumbi wa mji unakuruhusu kuweka kigae kingine kutoka stoo bila kuangalia dadu. Viwanja vya majengo ni 12 kati ya 37, kwa hiyo hata mtu wa mifugo hawezi kuyakwepa.

Vigae vya njano viko 26 na kila kimoja ni tofauti. Usijaribu kuvikariri. Kuna cha kufanya kibarua ageuze dadu kwa mbili badala ya moja, cha kukupa vibarua wanne kila unapoajiri, cha kuongeza kibarua kwa kila mgodi mwisho wa awamu. Vingine ni vya kuvuna mwisho: pointi nne kwa kila jengo la aina fulani ulilonalo, au nne kwa kila aina ya mnyama uliyefuga. Sheria yangu ni rahisi: vya kusaidia kazi nachukua awamu mbili za mwanzo, vya kuvuna nachukua nikishajua nimejenga nini.

Zamu moja, taratibu

Hii ilinitokea awamu ya pili, nikicheza na binamu yangu na jirani fundi wa friji. Dadu zangu: tatu na tano. Stoo nina ngome moja na nafasi mbili wazi. Mfukoni sarafu mbili.

Kwa dadu ya tatu nikaiweka ngome kwenye kiwanja cha kijani iliyokoza chenye namba tatu. Ngome ikanipa kazi ya ziada. Nikaiita "moja", nikachukua meli iliyokuwa ghala namba moja. Jirani akaguna, nadhani alikuwa akiitaka.

Dadu ya tano sasa. Mtoni, yaani kwenye viwanja vya meli, kulikuwa na kiwanja cha namba tano kinachogusana na vigae vyangu. Nikaishusha meli palepale, ikabeba mizigo miwili kutoka ghala namba nne, nami nikasogea mbele kwenye foleni. Stoo ikabaki wazi yote. Nikalipa sarafu mbili, nikachukua mgodi kutoka ghala jeusi.

Dadu mbili tu, lakini nimeweka vigae viwili, nimechukua viwili, nimepata mizigo na foleni. Binamu akasema nina bahati. Bahati gani? Raundi iliyotangulia nilikuwa nimeichukua hiyo ngome makusudi kwa sababu viwanja vyangu viwili vya ngome vilivyokuwa wazi vilikuwa vya tatu na sita, na kibarua mmoja nilikuwa naye. Namba mbili, tatu, nne, tano, sita au moja, yoyote ingeniingiza kwenye kimoja wapo. Ingetoka nne ningeishusha, ingetoka moja ningeigeuza sita.

Hicho ndicho ninachokuomba ukifanyie mazoezi: kabla ya kuchukua kigae, hesabu ni namba ngapi zitakiweka.

Pointi za maeneo

Ukijaza eneo zima la rangi moja, unapata pointi kwa ukubwa wake: kiwanja kimoja pointi 1, viwili 3, vitatu 6, vinne 10, vitano 15, sita 21, saba 28, vinane 36. Juu yake unaongezwa kwa kuwahi: awamu ya kwanza 10, ya pili 8, ya tatu 6, ya nne 4, ya mwisho 2.

Sasa piga hesabu kama mfanyabiashara wa Kariakoo. Eneo la viwanja viwili ukilimaliza awamu ya kwanza ni 3 na 10, jumla 13 kwa vigae viwili. Eneo la viwanja sita ukilimaliza awamu ya tano ni 21 na 2, jumla 23 kwa vigae sita. Dogo la mapema linalipa zaidi kwa kila kigae. Ndiyo maana mchezaji mzuri anaanza na visehemu vya kiwanja kimoja na viwili, kisha anafungua eneo kubwa moja, si matatu. Eneo la viwanja vinane lenye vigae saba halikupi hata pointi moja ya eneo.

Kuna pia zawadi ya rangi: wa kwanza kujaza viwanja vyake vyote vya rangi moja anapata kubwa, wa pili ndogo. Mkiwa wawili ni 5 na 2, watatu 6 na 3, wanne 7 na 4. Migodi ni mitatu tu na ngome nne, kwa hiyo mbio za kweli ziko huko.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kujaza stoo vigae vitatu vizuri visivyo na pa kwenda. Ni sawa na kununua mabati kabla ya kiwanja.

Kuishiwa vibarua. Nikibaki na mmoja naanza kuhangaika. Nikibaki bila, naajiri hata kama kuna kigae kizuri. Mwenzangu mmoja anapinga, anasema kigae kwanza. Tunabishana bado.

Kusahau kwamba awamu ikiisha vigae vyote vilivyobaki maghalani vinaondolewa, vipya vinaingia. Mizigo inabaki. Raundi ya tano ya kila awamu uliza: nini hapa sitakiona tena?

Na kufikiri sana. Wote mmesharusha tangu mwanzo wa raundi, kwa hiyo panga zamu yako wakati mwenzako anacheza. Mezani kwetu, anayepitisha dakika mbili anachemsha chai. Haijawahi kukosekana chai.

Kumfundisha mgeni, na kufunga hesabu

Usimweleze vigae 26 vya njano. Mweleze kazi nne za dadu, cheza naye raundi mbili za bure huku mnaongea, halafu anzeni upya. Mara ya kwanza watu wanne huchukua saa tatu bila kujua. Mkishazoea, wawili mnamaliza kwa saa moja na nusu. Aanze na mtu mmoja kama inawezekana, kwani wanne wageni kwa pamoja ni kama daladala lenye makondakta wanne. Asiye na boksi anaweza kuujaribu bure kwenye tovuti ya Yucata, zamu kwa zamu, hata kama mpinzani yuko Mwanza.

Mwisho wa awamu ya tano: pointi moja kwa kila mzigo ambao hujauza, moja kwa kila sarafu, moja kwa kila vibarua wawili, na pointi za vigae vya njano. Mkifungana, anashinda mwenye viwanja vichache vilivyobaki wazi.

Kabla ya kufunga boksi hesabu dadu. Ni tisa: mbili mbili za kila mchezaji na ile nyeupe. Sisi tulizikuta nane, tukaisaka nyeupe chini ya makochi, tukahoji watoto mmoja mmoja, tukasogeza friji. Ilikuwa kwenye kikombe cha kahawa cha shemeji, chini kabisa, kwenye masimbi.